Harusi Katika Njia ya Mchepuko

Daraja kubwa la mto Kali Kepuh lilifungwa Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa moja asubuhi pikipiki zilikuwa zimeshaugundua uchochoro wetu.

Hakuna aliyetuarifu. Tulisikia tu kwamba nguzo moja imezama, kwamba mafundi watakuja, kwamba kazi itachukua miezi minne. Magari yaliambiwa yazunguke hadi daraja la kusini, kilomita saba. Lakini mwenye pikipiki au baiskeli azunguke kilomita saba kwa nini, na hapa Kepuhsari tuna kidaraja chetu cha zege, ambacho ukisimama katikati na kunyoosha mikono unakaribia kugusa kingo zote mbili? Siku ya tatu wakuu wa barabara wakaona bora wakubali yaliyokwisha kutokea. Wakabandika mshale wa manjano kwenye ukuta wa nyumba ya Bu Murwani kuonyesha kwamba mchepuko unapita hapo. Hawakumwomba ukuta wake.

Ni habari za huyo Bu Murwani ninazotaka kuzisimulia. Nyumba yangu inatazamana na yake, na kabla ya mwezi ule nilikuwa namwomba chumvi bila kutoka mlangoni. Yeye ni muuza dawa za mizizi. Husaga manjano na tangawizi kabla ya jua, hukoroga ukwaju, huchuja, hujaza chupa, huzipanga kwenye kikapu cha nyuma ya baiskeli, na saa kumi na mbili unusu yuko njiani. Wateja wake wengi walikuwa ng'ambo ya mto: wanawake wa kiwanda cha vitambaa, mafundi magari, wazee wenye magoti mabovu. Mumewe, Pak Harjono (kwetu Bu ni mama, Pak ni baba), hutengeneza vizimba vya ndege barazani na husema maneno kama ishirini kwa siku. Mke ndiye kiguu na njia wa nyumba ile.

Uchochoro uliokuwa wa kuku na watoto ukawa mto wa pili. Pikipiki zilianza alfajiri na zamu ya kiwandani, zikafuata za wanafunzi, za sokoni, za wapeleka vifurushi, kisha zamu ikageuka na zote zikarudi. Sisi wa miguu tulijifunza kutembea ubavu ubavu, mgongo ukutani. Wenye baiskeli walikuwa na hali mbaya kuliko wote. Kwa mwenye pikipiki, baiskeli ni kizuizi mbele yake. Kwa sisi wa miguu ni gurudumu jingine tu la kukwepa. Walisukumwa hadi ukingo wa mtaro, wakapiga kengele zao ambazo hazikusikika.

Bu Murwani alijaribu kidaraja siku mbili. Siku ya pili kioo cha pikipiki kilinasa kikapu chake na chupa tatu zikapasuka, manjano yakatapakaa barabarani hadi kwenye viatu vya watu. Siku ya tatu akaenda kujaribu bahati yake kwenye daraja lililofungwa.

Pale palikuwa na uzio wa mabati, lango dogo lenye kufuli, na mlinzi. Jina lake Pak Wagiyo, mtu wa makamo aliyewahi kuwa kondakta wa basi miaka mingi. Alikaa chini ya mwavuli mkubwa, na nyuma yake daraja likiwa tupu, mita themanini za lami bila hata mbwa. Bu Murwani aliniambia kilichomuudhi si mlinzi, ni ule utupu.

"Pak Wagiyo," alimwambia, "mimi na baiskeli yangu hatufiki hata uzito wa ng'ombe mmoja."

"Bu, mimi sikupewa mizani. Nimepewa kufuli."

"Basi fungua hilo kufuli uone kama bado linafanya kazi."

"Linafanya. Nalijaribu kila asubuhi, kisha nalifunga tena."

Akacheka yeye mwenyewe, akaomba bilauri ya ukwaju, akainywa kupitia kati ya mabati mawili. Hivyo ndivyo walivyozoeana. Kila asubuhi Bu Murwani alipita kumuuliza, kila asubuhi alikataliwa, kisha akamuuzia bilauri moja na kurudi kujitosa kwenye kidaraja. Alisema kukataliwa na mtu anayetania ni afadhali kuliko kukataliwa na mabati.

Yote hayo angeyavumilia kama si harusi.

Binti yao, Nastiti, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la miwani mjini, alikuwa ameposwa na Hananto wa Klaten. Siku ilikuwa imepangwa tangu mwaka uliopita. Bibi yake Hananto alijumlisha siku za kuzaliwa za bwana na bibi harusi kwa hesabu za kale, akapata Jumapili moja tu ndani ya mwaka mzima iliyowafaa, na bibi kizee huyo hakuwa mtu wa kubishana naye. Kwetu harusi hufanyika kwa wazazi wa binti, na nyumba zetu zilivyo ndogo, turubai husimamishwa uchochoroni. Uchochoro hufungwa siku moja, majirani hupika, wapita njia huzunguka. Kila nyumba imefanya hivyo. Pak Suparlan, mjumbe wetu, alikuwa ameshatia sahihi karatasi ya ruhusa miezi mitano kabla.

Wiki sita kabla ya siku yenyewe, daraja likafungwa. Siku chache baadaye Pak Suparlan akaja na karatasi nyingine. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kutoa habari za msiba. Ofisi ya kata ilikuwa imesema njia ya mchepuko haifungwi kwa sababu yoyote. Ile ruhusa aliyotia sahihi haikuwa na nguvu tena.

Nilikuwapo. Pak Harjono aliendelea kupasua mwanzi. Nastiti ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya upole, kwamba wangeweza kufunga ndoa ofisini, watu kumi tu, yakaisha. Mama yake alimtazama.

"Nduk, mwanangu, unataka kuolewa au unataka yaishe?"

"Nataka usilale ukiwa na presha, Mak. Hayo mengine siyajali sana."

"Mimi nayajali."

Kisha akaondoka kwenda kufagia mahali alipokwisha kufagia asubuhi. Pendekezo la kufanyia Klaten nalo lilikuja, likakataliwa. Alisema mwanawe hatatolewa nyumbani kama kifurushi cha posta. Ukumbi wa kukodi ulikuwa mbali na jikoni za majirani, na kwake harusi bila jikoni za majirani si harusi. Kwa hiyo kila njia aliifunga mwenyewe, moja baada ya nyingine, akabaki amesimama katikati.

Wiki zilizofuata hakutulia. Alikuwa akila amesimama. Katikati ya mazungumzo angeinuka, aende mlangoni, autazame uchochoro kana kwamba pikipiki zingemuona na kuona haya. Alipima upana kwa hatua zake, akapima tena kwa kamba. Mara anasema tutapitishia harusi paani, mara anasema atakwenda kulala mbele ya ofisi ya kata. Nikiamka alfajiri kuswali nilisikia jiwe lake la kusagia likifanya kazi, haraka kuliko zamani, kama mtu anayekimbizwa.

Kisha Mbah Dulkamid akagongwa.

Mbah kwetu ni babu, na huyu ni mzee wetu wa nyumba ya pembeni, miaka themanini na moja, ambaye kiti chake kilikuwa kando ya uchochoro tangu kabla sijaolewa. Pikipiki zilipokuja kiti kiliingizwa ndani, lakini yeye mwenyewe hakukubali kuingizwa. Alikuwa akienda msikitini adhuhuri, hatua arobaini tu kutoka kwake, msichana mmoja aliyekuwa juu ya pikipiki akamkwepa mwenye baiskeli na kumpiga mzee nyongani. Alianguka katikati kabisa. Tukaogopa kumwinua kabla muuguzi wa zahanati hajafika, hivyo alilala pale, kichwa chake juu ya mapaja ya Bu Murwani, na sisi tukamzunguka.

Foleni ikasimama pande zote mbili. Mtu mmoja akazima injini, akashuka, akaanza kukokota pikipiki yake taratibu kupita kando ya mzee. Aliyefuata akafanya hivyohivyo. Kwa nusu saa walipita hivyo, mmojammoja, wakikokota, wengine wamevua helmeti. Hapakuwa na honi. Mbah Dulkamid, uso umemwiva kwa maumivu, alisema leo ndiyo mara ya kwanza ndani ya mwezi anaisikia redio ya jirani.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Alipelekwa hospitali na akakaa huko majuma mengi. Jioni ile, kabla hata hajanawa mikono, Bu Murwani alikuja kwangu.

"Umewaona?" aliniuliza. "Walishuka. Hakuna aliyewalazimisha. Walishuka wote na hakuna aliyekufa kwa kuchelewa."

Hivyo ndivyo wazo lilivyomjia. Turubai lisimamishwe, lakini katikati iachwe njia ya mita moja na nusu. Viti vya wanaume upande huu, vya wanawake upande ule. Wa miguu na apite, wa baiskeli na apite, mwenye pikipiki azime, ashuke, akokote. Njia haifungwi, inapungua mwendo tu.

Kikao kilifanyika barazani kwa Pak Suparlan na kilikuwa kirefu. Aliyepinga zaidi alikuwa Bu Rusmini, ambaye tangu mchepuko uanze alikuwa amefungua meza ya kahawa na tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, na biashara ilimkubali. Alisema waziwazi kwamba kwake pikipiki ni baraka, na kwamba mtu akishushwa kwa nguvu hanunui tempe. Wengine wakamjibu kwamba nyonga ya Mbah Dulkamid haikaangwi. Ikawa kelele. Bu Murwani hakujitetea sana. Alisema anaomba asubuhi moja tu, saa mbili hadi saa saba, na kwamba akishindwa kuiendesha, yeye mwenyewe atakata kamba za turubai.

Pak Suparlan alikuwa akichezea kofia yake. Mwishoni akasema, "Mimi sijafunga barabara. Mimi nimeruhusu harusi yenye mlango mbele na mlango nyuma. Akija mtu wa kata, muonyesheni milango."

Jumapili ilipofika tulikuwa jikoni tangu alfajiri, wanawake kumi na wanne, masufuria ya wali wa nazi na mchuzi wa malenge yamejaa nyua tatu. Kwetu wageni hawajipakulii. Hukaa kwenye safu za viti, na vijana huwaletea sahani, kwanza chai, kisha supu, kisha wali, kisha kitu baridi. Safari hii wabebaji walilazimika kuvuka njia ya pikipiki, sinia begani, wakitazama kushoto na kulia.

Saa mbili Pak Suparlan alisimama na kipaza sauti upande wa mto, mtu mwingine upande wa barabara. Kwa nusu saa ya kwanza mambo yalienda vizuri kuliko hata Bu Murwani alivyotarajia. Wanawake wa kiwandani walipita wakikokota baiskeli zao, wakamsalimia kwa jina, kwa kuwa ni wateja wake, na wengine wakampa mkono Nastiti jukwaani kabla ya kuendelea na safari. Kijana wa kupeleka vifurushi alipita akiwa ameinamisha kichwa, kama inavyopasa mtu akikatiza mbele ya wakubwa, akapewa bilauri ya chai na kuinywa akitembea. Wazee waliokuwa hawajatoka nje mwezi mzima walitembea tu, kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote, kwa sababu iliwezekana.

Lakini mwendo wa kukokota ni mwendo wa kukokota. Nyuma yao foleni ilikuwa inarefuka. Ilifika kidarajani, ikajaa kidaraja, ikamwagika ng'ambo.

Saa mbili na dakika arobaini akafika mwuza barafu, jitu la mabega mapana, magunia mawili yakichuruzika nyuma ya pikipiki. Alikataa kushuka. Alisema barafu haijui harusi, akapiga honi, akaanza kusogea na injini ikinguruma hadi gurudumu likagusa kiti cha mgeni. Bu Murwani aliinuka, lakini kuna mtu alimtangulia. Bu Rusmini, aliyekuwa amebeba sinia la tempe, alijisimamisha mbele ya taa ya pikipiki.

"Baba, shuka. Hapo ulipo unayeyusha barafu kwa hasira zako mwenyewe."

"Nitachelewa."

"Umeshachelewa. Sasa chagua, uchelewe umeshiba au uchelewe umenuna. Mimi meza yangu imekosa wateja tangu asubuhi kwa ajili ya harusi hii na nimenyamaza. Wewe nani usinyamaze?"

Watu wakacheka, naye akaona aibu. Akazima, akashuka, akakokota, na magunia yale yakaacha mstari wa maji katikati ya harusi. Alipofika mwisho wa turubai aliacha kipande kikubwa cha barafu kwenye pipa la vinywaji.

Bado tulikuwa tunacheka simu ya Pak Harjono ilipoita. Alisikiliza, akamsogezea mkewe. Alikuwa Hananto.

Msafara wa bwana harusi ulikuwa umekwama. Mabasi yao mawili madogo yalikuja kwa barabara kuu, na daraja la kusini lilikuwa limejaa magari kabisa. Dereva alisema saa moja na nusu, pengine zaidi. Wakashuka na kwenda kwa miguu kwenye kidaraja chetu, wakakuta kimejaa pikipiki ukingo kwa ukingo, foleni iliyosababishwa na harusi yao wenyewe. Watu thelathini na wawili, wanawake katika vitambaa vilivyobana hadi kifundoni, masinia ya zawadi, bibi wa miaka themanini. Hapakuwa na pa kupenya. Na msajili wa ndoa, aliyekuwa ameketi tayari mezani, alikuwa na harusi nyingine mjini. Alikuwa amesema mapema kwamba saa nne kamili anaondoka.

Nastiti alimuuliza mama yake kuna nini, akasema hakuna kitu. Kisha akamwambia Hananto awasogeze watu wake hadi daraja kubwa, akamwambia mumewe amshike msajili kwa njia yoyote ile, akapandisha kitambaa chake hadi magotini, mbele ya wageni wote, akaondoka mbio kuelekea daraja kubwa. Mimi nilimfuata. Sikuwa na sababu. Miguu tu ilinipeleka. Baadaye tuliambiwa kwamba Pak Harjono alimsimulia msajili habari za vizimba vya ndege kwa dakika arobaini, aina za mianzi, namna ya kuikausha, maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema ndani ya mwezi mmoja.

Tulipofika kwenye uzio tuliwaona ng'ambo. Walikuwa wamekuja kwenye lango la upande wa pili, ambalo mafundi huliacha na kamba tu, wamesimama katika safu kana kwamba wanasubiri kupigwa picha, Hananto mbele na kisu chake cha sherehe mgongoni. Kati yao na sisi, zile mita themanini tupu.

Pak Wagiyo alikuwa amesimama, si chini ya mwavuli. Alikuwa ameshaelewa.

"Usiniombe, Bu," alisema.

"Nakuomba."

"Nikifungua, wa kuondoka ni mimi. Si mkandarasi, si mhandisi. Mimi."

"Najua."

"Hujui. Unafikiri watanikaripia. Nina barua ya onyo tayari, kwa sababu ya wavulana waliopenya wiki ya kwanza kucheza mpira."

Nilikuwa karibu na Bu Murwani na ninaweza kuapa kwamba aliisikia ile habari ya barua, na kwamba aliipima. Kisha akasema, "Mwanangu amekaa pale amepakwa poda na watu mia mbili wanamtazama. Pak Wagiyo, ile nguzo haiwezi kubeba watu thelathini?"

"Inaweza kubeba mia tatu. Mhandisi mwenyewe alisema magari ndiyo shida. Lakini karatasi imesema yeyote."

Alitazama ng'ambo. Yule bibi alikuwa ameketishwa juu ya tofali. Pak Wagiyo akatoa ufunguo, akaukosesha tundu mara ya kwanza, akafungua. Akatembea hadi katikati ya daraja na kuinua mkono kama askari wa barabarani.

"Mmojammoja," aliwaambia. "Hatua kumi kati ya mtu na mtu. Asikimbie yeyote."

Hivyo walivuka. Hananto kwanza, kisha bibi ameshikwa mkono na Pak Wagiyo mwenyewe, kisha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sinia lake: matunda, vitambaa vilivyokunjwa kama maua, mkungu wa ndizi. Juu ya lami ile pana kila mtu alionekana mdogo sana. Kule kwenye kidaraja, watu waliokwama juu ya pikipiki waligeuka kutazama. Honi zilikoma. Wengi walikuwa wameinua simu.

Ndoa ilifungwa saa nne kasoro dakika tano. Msajili aliondoka akikokota pikipiki yake.

Video ilienea kabla wali haujaisha. Kesho yake asubuhi, nilipopita na kapu langu la soko, kwenye uzio palikuwa na watu zaidi ya mia: wenye baiskeli, wanafunzi, wanawake wa kiwandani, watu wa miguu. Hawakufanya fujo. Walisimama tu na simu zao, wakimwonyesha kila fundi aliyefika ile video, wakiuliza kwa nini harusi ipite na wao wasipite. Walirudi Jumanne na Jumatano. Bu Murwani alikuwa kati yao siku zote, baiskeli mkononi. Siku ya tisa mhandisi akaja na vipimo vyake, na siku ya kumi na moja wakafungua ukanda wa mita mbili, wenye vizuizi pande zote, kwa ajili ya miguu na baiskeli peke yake. Uchochoroni kwetu zikabaki pikipiki tu, na Pak Suparlan, aliyekuwa ameonja mafanikio, akatangaza kwamba kila asubuhi na alasiri, watoto wakienda na kurudi shule, zitakokotwa. Wengi walitii. Wasiotii walikutana na Bu Rusmini.

Lakini kwenye lango alikuwa amesimama mlinzi mwingine, kijana asiyejibu salamu. Pak Wagiyo aliondolewa Jumatatu ileile ya baada ya harusi, kabla ya saa sita.

Watu walimpongeza Bu Murwani kila alipopita. Walisema yeye ndiye aliyefungua daraja. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kukanyaga baiskeli haraka. Nastiti alikuwa ameshahamia Klaten, nyumba ilikuwa tulivu, na mama yake alihangaika kuliko wakati wa maandalizi. Aliuliza habari za Pak Wagiyo kwa mafundi, kwa madereva wa basi wa zamani, kwa wauza magazeti. Ilimchukua karibu mwezi. Alimkuta kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya soko la miche, upande wa pili wa mji, akipuliza filimbi kuyaongoza magari yanayorudi nyuma.

Alinisimulia mazungumzo yao jioni ileile, na sidhani aliongeza kitu.

Alimwambia amekuja kuomba radhi. Pak Wagiyo aliendelea kuelekeza gari lililokuwa likitoka, hadi likatoka. Kisha akasema, "Siku za kwanza nilikuchukia, Bu. Sitakudanganya. Mke wangu aliitazama ile video mara nyingi akasema nimependeza, nikamwambia aizime."

"Ulinitajia ile barua, nikakuomba tena."

"Ndiyo. Ulisikia ukaomba. Na mimi nilijua nikafungua. Kila mtu abebe lake."

"Ungefungua tena?"

Gari jingine lilikuwa linasubiri, dereva amenyoosha shingo dirishani. "Sijui," alisema. "Yule bibi alinishika mkono kwa nguvu sana. Sijui."

Kisha akarudi kwenye filimbi yake.

Soko la miche haliko kwenye njia ya Bu Murwani. Ni mwendo wa dakika hamsini kwa baiskeli, na mlima mmoja. Hata hivyo kila Alhamisi huenda. Husimamisha baiskeli langoni, humimina bilauri ya ukwaju, huiweka juu ya ukuta mfupi, na hungoja. Kuna Alhamisi anazokuja Pak Wagiyo kuinywa na wakataniana kidogo, na kuna Alhamisi ambazo hainui kichwa, naye Bu Murwani huimwaga, husuuza bilauri, na kuanza kuukwea ule mlima kurudi.